Maji ya Kahawa na Mtu Asiye na Ukoo

Mmeniomba, nyinyi vijana mnaobaki ofisini, niwaachie kumbukumbu za kazi yetu ya kutetea maji. Nimekubali kwa sharti moja: nitaandika nilivyoyaona mimi, si jinsi yanavyosimuliwa na watu wanaompenda Kerubo. Hao ni wengi, na wameshasimulia ya kutosha. Vyeo na mishahara sitavigusa, maana vya kwanza vilikuwa vichache na ya pili haikukaa mfukoni. Na mkinusa wivu katika maandishi haya, mjue pua zenu ni nzima. Nimekaa na wivu huo kazini kuliko nilivyokaa na mwenzangu yeyote, na siku niliporudisha funguo za ofisi niliondoka nao.

Naitwa Ramadhani, ingawa ofisini nimekuwa Bwana Rama tangu mwanzo. Nilizaliwa Kisii mjini, kama baba yangu. Babu ndiye aliyekuja, na cherehani yake, akafungua kibanda cha kushona kanzu na sare za shule, kisha akamwoa msichana wa Kigusii aliyesilimu. Kwa hiyo nyanya yangu alikuwa mtu wa hapa, nami nina haki ya kusema nina damu ya hapa. Lakini ukoo katika nchi hii hufuata baba, na baba wa baba yangu alishuka kwenye lori. Mtu akiniuliza kwetu ni wapi, nikamjibu Kisii, hungoja kidogo kisha huuliza tena: "Hapana, nyumbani kabisa?"

Aliyenifundisha kazi ni Mama Moraa. Alikuwa afisa wa afya, akachoka kuandika ripoti ambazo hakuna aliyezisoma, akaanzisha kikundi chetu katika chumba kimoja juu ya duka la mbolea. Siku yangu ya kwanza alinipeleka kwenye chemchemi moja upande wa Ogembo. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, kosa ambalo sikulirudia. Tuliwakuta akina mama wanateka maji, nikawaamkia kwa sauti, "Bwakire buya!" Ekegusii nimekizungumza tangu utotoni, kwa nyanya na kwa watoto wa sokoni. Wakanitazama, wakanitazama tena, kisha mmoja akanijibu kwa Kiswahili cha heshima, "Asante, mgeni. Karibu sana." Mama Moraa alicheka hadi akashika mti. Mimi sikuona kichekesho.

Alinifundisha mambo ambayo nanyi mnapaswa kuyashika. Chupa ya sampuli hufunguliwa ndani ya maji, mdomo ukielekea kule maji yanakotoka, na kidole kisiguse shingo. Kasha la barafu halibebi soda zenu, hata kama jua ni kali. Zile karatasi za kupimia asidi zikae mfuko wa shati, zisikae wa suruali, kwa sababu mtu akichuchumaa mtoni hutokwa jasho na karatasi hubadilika rangi kabla hazijaona maji. Na usiende kwa chifu kabla hujaenda mtoni. Chifu atakueleza mto ulivyo, nawe utauona alivyokueleza. Jambo la mwisho lilikuwa gumu. "Wakikupatia maji, kunywa," alisema Mama Moraa. "Tumbo itauma, lakini mdomo utakuwa na haki ya kuongea." Nimekunywa. Wauza dawa za amiba wa mji huu wananijua kwa jina.

Kesi yangu ya kwanza ya peke yangu ilikuwa Tabaka, kwa wachonga mawe. Mnajua vinyago vinavyomalizwa: wanawake hukaa na msasa na beseni, wanasugua jiwe ndani ya maji hadi linang'aa, kisha maji yale meupe mazito humwagwa mtaroni na kuteremka hadi kwa watu wanaokunywa. Nilikaa nao siku baada ya siku. Niliwaonyesha jinsi ya kuyaacha maji yatulie kwenye pipa, ya juu yatumike tena na tope la chini lifukiwe. Wengi walikubali, na kijito kile kikaanza kuonyesha mawe yake. Hakuna aliyenipigia vigelegele, na sikuvitarajia. Sasa sikilizeni. Kerubo alipoajiriwa nilimpeleka Tabaka akaone kazi inavyofanywa. Alikaa nao asubuhi moja. Alirudi na bakuli la jiwe la waridi, jina lake limechongwa ukingoni. Mimi nilirudi na vumbi.

Huyo ndiye Kerubo. Alikuja kwetu akiwa msichana mwembamba mwenye sauti nene, na alikuwa na kipaji kimoja kilichonikosesha raha: popote alipokwenda alikuwa na jamaa. Hakuwa akiwafahamu; alikuwa akiwahesabu. Akifika kilima asichokijua, huketi na mama mzee wa kwanza atakayemwona, wakaanza kuulizana mlango gani wa ukoo, nyumba gani, nani alimzaa nani. Kabla chai haijachemka, yule bibi ameshakuwa magokoro wake, nyanya yake kabisa, na siri za kilima kizima zimeshamwagwa. Mimi nilikuwa nikifungua daftari, watu wanafunga midomo. Nilikuwa nikimwangalia nikiwa nimeshika chupa zangu, na nasema wazi: nilitamani kile alichokuwa nacho kama mtu mwenye njaa anavyotamani sahani ya jirani. Mama Moraa alipoacha kazi alimwachia Kerubo buti zake za mpira. Najua mguu wangu usingeingia. Hata hivyo.

Sasa nije kwenye kesi yenyewe. Kilima sitakitaja, wenyewe wanajijua. Juu kuna kiwanda cha kumenya kahawa, mali ya chama cha wakulima wa hapo hapo. Chini kuna kijito wanachoteka maji. Msimu wa mavuno, maji ya kuoshea kahawa yalikuwa yakiachiliwa pamoja na maganda, yanachacha njiani, yanafika kijitoni yakiwa ya kahawia na yenye harufu ya pombe iliyoharibika. Kikulacho ki nguoni mwako. Mume anapandisha kahawa kiwandani asubuhi, jioni mkewe anateka chini kile kilichooshewa kahawa ya mume. Ni nani atamshtaki nani?

Karatasi zangu ziligeuka rangi mara tu zilipogusa maji, na maabara ikathibitisha. Nilipeleka malalamiko Nyamira kwanza, kwa sababu kijito kinapita mpakani, wakanirudisha Kisii; Kisii wakanirudisha Nyamira. Nilizijua benchi za kaunti zote mbili, na iliyo laini zaidi ni ya Nyamira. Hatimaye afisa mmoja wa mazingira, mtu mwema, alisema atakuja, lakini anataka kusikia wanakijiji wenyewe wakilalamika mbele ya kamati ya kiwanda. Nikaitisha baraza. Watu wakajaa: wazee wa kamati mbele kwenye viti, akina mama kwenye nyasi. Afisa akauliza, "Haya, nani ana malalamiko?" Akauliza tena. Wanawake wakachezea nyasi.

Nikaona kazi yangu inateleza, nikasimama. Nikawaambia wasiogope kusema yanayowasibu, kwani wahenga walisema mficha uchi hazai. Laiti mngeuona uwanja ule! Mabinti walioolewa hapo walifunika nyuso kwa leso zao. Mzee mmoja aliondoka bila kuaga, na mwingine akamfuata. Afisa wa mazingira, ambaye alikuwa Mgusii, alianza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Baraza likaisha hivyo.

Kerubo alinieleza tukiteremka, huku akijizuia kucheka, jambo lililonichoma kuliko kama angecheka. "Bwana Rama, hiyo maji inawasha. Akina mama wakioga inawawasha huku chini, na watoto pia. Sasa mtu atasema aje, na baba mkwe ameketi hapo? Hiyo ni chinsoni."

Chinsoni nilikuwa naijua. Ni ile heshima ya haya baina ya mzazi na mtoto, baina ya mkwe na mke wa mwanawe: mambo ya mwili hayatajwi, mkwe haingii chumba cha kulala cha mwanawe, macho hushushwa. Lakini nilikuwa naijua kama mtu anavyoijua sheria ya nyumba asiyoishi. Kule mjini kwetu tumechanganyika mno, haya yetu ina mipaka mingine. Nikamuuliza, kwa ukali, "Basi itasemwa na nani, malaika?"

"Itasemwa na mjukuu," alisema. "Kwa babu na mjukuu hakuna haya. Huko ni utani tu."

Alikuwa ameshafanya hesabu zake. Mwenyekiti wa kiwanda, Mzee Ombati, alikuwa wa mlango mmoja na baba yake, vizazi viwili juu ya Kerubo. Yeye ni mjukuu wake. Siku ya pili tulikwenda nyumbani kwa mzee, mimi nikibeba chupa. Alitufungulia mlango na kupaza sauti ndani, "Wekeni chai, bibi yangu mdogo amekuja!" Ndivyo babu wanavyowatania wajukuu. Kerubo akaweka mkono kiunoni. "Bibi gani, wewe mzee? Bwana gani anamwogesha bibi yake na maji ya kuwasha makalio? Wewe ukitaka kuoa, kwanza funga hiyo mfereji yako!"

Mzee alicheka mpaka akatoa meno ya bandia akayapangusa. Kerubo akaendelea, kila sentensi utani na kila utani ukweli: nani anajikuna, nani amempeleka mtoto zahanati, nani hataki tena kulala na mumewe. Kicheko cha mzee kikapungua, kikaisha. Akakaa akiangalia kikombe. "Hata hapa nyumbani?" aliuliza. Kerubo akasema, "Hata hapa nyumbani, sokoro," yaani babu. Msimu ule haujaisha, mashimo ya kunyonya maji taka yalikuwa yamechimbwa na mfereji wa kijitoni umezibwa kwa mawe.

Mimi nilichora ramani ya mashimo yale. Nilipima udongo, nilitafuta mteremko, nilisimama kwenye tope na mafundi. Siku ya shukrani walichinja mbuzi na Mzee Ombati akamtuza mjukuu wake shuka. Aliponifikia mimi alinishika mkono na kuwaambia watu, "Na huyu mgeni wetu pia alisaidia." Nilikula nyama. Ilikuwa tamu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba ningetoa miaka yote ya kupima maji ili mzee mmoja tu, mahali popote katika milima hii, aniite mjukuu wake. Mke wangu alisema nilale.

Miaka ikapita, kesi zikaja na kwenda: mikaratusi iliyokausha chemchemi, waosha pikipiki mtoni, machinjio yasiyo na shimo. Sitawachosha. Mzee Ombati alifariki akiwa mzee sana, na kwenye mazishi Kerubo alitania jeneza lake, kama mila inavyomruhusu mjukuu, watu wakacheka na kulia pamoja. Mimi nilikaa kwenye hema la wageni na maji ya chupa. Mwanawe, Onsongo, akachaguliwa kuwa mwenyekiti wa kiwanda.

Mavuno ya mwisho kabla sijastaafu yalikuwa makubwa, na mvua pia. Mashimo yalikuwa yamejaa tope kwa sababu hakuna aliyeyazoa. Onsongo akaamuru mfereji wa zamani ufunguliwe. Harufu ile ikarudi kijitoni. Nilijua Kerubo angekwenda kutania, wangecheka, wangechinja. Nikaketi ofisini nikisubiri kuona wivu tena.

Badala yake aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango, akakaa. "Siwezi," alisema. "Mzee Ombati alikuwa sokoro. Sasa Onsongo ni tata yangu, baba. Mimi ni binti yake. Nitamwambia nini?"

"Mwambie mashimo yamejaa."

"Nimemwambia. Anasema maji imebadilika rangi kidogo juu ya mvua, na hakuna mtu amelalamika. Hiyo ingine siwezi taja."

"Tafuta nyanya mmoja amwambie."

"Vikongwe wote wa pale ni mama zake. Vijana wote ni watoto wake, na wajukuu bado wadogo. Rika lake ndio hiyo kamati." Alinitazama moja kwa moja. "Ni wewe, Bwana Rama. Wewe huna chinsoni na mtu. Unajua vile nimekuwa nikikuonea wivu? Mtu anaweza ingia boma yoyote na aseme ukweli na alale vizuri. Mimi kila mlima niko na baba wa kunyamazia."

Sikumwamini, na hadi leo naamini nusu tu. Mtu aliyeshiba hudhani njaa ni wepesi wa mwili. Lakini niliona macho yake, na nilikuwa nimekwisha kupima maji yale.

Nilikwenda kwanza kwa Onsongo peke yangu, nikamwambia waziwazi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba hayo ni maneno ya watu wa mashirika. Kama kuna mwenye shida, mkutano mkuu wa wanachama u karibu, aje aseme hapo mbele ya wote. Alijua vizuri kwamba hapo hakuna atakayesema. Nikamjibu nitakuja.

Siku ya mkutano uwanja wa kiwanda ulijaa. Wazee kwenye viti, wakwe zao kwenye nyasi, wana wamesimama ukutani. Kerubo alikaa nyuma kabisa, kichwa chini. Ulipofika wakati wa mengineyo, nikanyoosha mkono. Onsongo aliniona na akaelewa. Ni mwerevu kuliko babake. Alisimama akatabasamu, akazungumza kwa Ekegusii, polepole, ili kila mtu asikie.

"Kabla huyu hajaongea, nataka kusema jambo. Tangu tukiwa vijana tunamwona mtu huyu katika tope yetu. Marehemu mzee alikuwa anamwita mgeni. Mimi nakataa. Hakuna mgeni anakaa hivyo. Leo mbele ya wanachama wote nasema wewe ni ndugu ya marehemu. Wewe ni tata. Hawa wote ni watoto wako, na hawa," akaonyesha wanawake kwenye nyasi, "ni wake za watoto wako. Sasa ongea, tata."

Watu wakapiga makofi. Wanawake wakashusha macho yao mbele yangu, kama mtu anavyomshushia mkwe. Hakuna mwanamke aliyewahi kunishushia macho hivyo katika milima hii. Nilikuwa na zaidi ya miaka sitini, na neno nililokuwa nikilitamani tangu nikiwa mtoto wa mshona kanzu lilikuwa limetamkwa hadharani, kwa lugha ya nyanya yangu, na makofi juu yake. Nilijua limetamkwa kwa hila. Nililitaka vilevile. Ningelipokea na kukaa, hakuna ambaye angenilaumu; ningesema asanteni wanangu, ningekula nao, ningezikwa nao. Na tangu dakika ile nisingeweza kutaja mwili wa mke wa mwanangu.

Nilitazama nyuma. Kerubo alikuwa ameinua kichwa.

"Onsongo," nilisema, na nilisema kwa Kiswahili makusudi, "asante. Jina hilo nimelingoja maisha yangu yote, na wewe unajua. Lakini leo silipokei. Mimi ni mgeni. Babu yangu alikuja na lori, sina mlango, sina nyumba, na hapa sina mkwe hata mmoja. Kwa hiyo nitasema kama mgeni asiye na adabu. Maji mnayoyaachilia yanawawasha wake zenu sehemu za siri. Yanawatoa watoto wenu vidonda mapajani. Wake zenu hawalali. Mnajua hivyo vitandani mwenu, na mchana mnajifanya hamjui."

Mzee mmoja alipiga fimbo chini. Mwingine alisema, "Huyu mtu hana haya!" Nikamjibu kwamba ndiyo, sina, hilo ndilo nililokuja nalo. Nilibaki nimesimama, nikidhani nitafukuzwa. Kisha kutoka kwenye nyasi, mwanamke mmoja ambaye sikuuona uso wake, maana hakuuinua, alisema, "Ni kweli." Mwingine akasema, "Ni kweli." Hawakuongeza neno, hawakuhitaji. Maneno yalikwenda hivyo kwenye nyasi, ni kweli, ni kweli, mpaka wana waliosimama ukutani wakaanza kuangalia viatu vyao, na Onsongo akakaa.

Mfereji ulizibwa wiki ile. Mashimo yamezolewa, na kamati imeandika katika kanuni zake kwamba yatazolewa kila kabla ya mavuno. Nendeni mkakague, msiamini kanuni. Kerubo alinisindikiza hadi barabarani siku ile, akanibebea kasha la barafu. Ingefaa anishukuru, lakini nadhani alikuwa na wivu, na nilimwacha auonje.

Ndiyo kazi yenyewe. Nimestaafu, ninakaa dukani kwa babu, ambalo sasa ni la mwanangu. Onsongo hupita hapa siku za soko. Ni mtu wa heshima, hana kinyongo, huniuliza hali na hununua sare za wajukuu wake. Kila anapoingia huwa nasubiri, naacha hata kupima kitambaa. Huniita Bwana Rama.